Magofu Yaliyopakwa Grisi

Mwaka kiwanda cha baba kilipofungwa ndio mwaka nilipopata kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya Mikumi, na mama akasema Mungu hamtupi mja wake. Baba alimsahihisha. Alisema kiwanda hakijafungwa, kimesimama, na mtu yeyote aliyewahi kushika spana anajua tofauti ya mambo hayo mawili.

Kilikuwa kiwanda cha katani, nje kidogo ya Kilosa upande wa Kimamba. Kilijengwa na Mgiriki mmoja kabla ya Uhuru, kikataifishwa, kikaendeshwa mpaka katani ikakosa mnunuzi duniani, kisha wafanyakazi wakapewa barua. Barua ya baba ilimshukuru kwa utumishi wake na kumtaka arudishe mali zote za kiwanda alizokuwa nazo. Baba alirudisha buti, kofia ngumu na mwavuli. Ufunguo wa banda la mashine hakuurudisha. Alisema ufunguo ni sehemu ya mashine, na mashine hairudishwi, inabaki pale ilipo.

Baba alikuwa fundi wa korona. Korona ndiyo mashine inayochuna majani ya mkonge na kutoa nyuzi, na wakati huo jina hilo halikumtisha mtu. Kila Jumamosi mchana, tangu enzi za Mgiriki, korona ilisimamishwa ikapakwa grisi, na aliyeipaka alijaza kadi iliyoning'inia ubavuni mwake kwa kamba ya katani: tarehe, kazi iliyofanyika, sahihi. Msimamizi akipita aliandika "Imeonwa" na kutia sahihi yake. Baba aliiamini kadi kuliko alivyowaamini wasimamizi. Nyumbani kwetu Magomeni, ile ya Kilosa, baiskeli ilikuwa na kadi, cherehani ya mama ilikuwa na kadi, na kadi yangu ya kliniki aliendelea kuijaza mpaka nilipofika miaka kumi na miwili, ingawa manesi walikwisha kuniacha nikiwa na mitano. Nadhani alitaka awe na uhakika kwamba sishiki kutu.

Kiwanda kiliposimama, Jumamosi hazikusimama. Baba alipanda baiskeli, akaenda, akafungua banda, akapaka grisi, akajaza kadi, akarudi. Kopo la grisi la stoo lilipokwisha akawa anaomba kwa mafundi wa mabasi pale stendi, grisi ambayo ilikwisha kwenda Dodoma na kurudi mara kadhaa. Wiki moja walipomnyima alichukua mafuta ya kupikia ya mama. Mama alimwambia kwamba kama anataka kuoa chuma akioe, lakini akikaangie kwa mafuta yake mwenyewe. Baba alisema mwekezaji akija na kukuta beringi zimekwama, nani atalaumiwa?

Lazima nieleze kuhusu mwekezaji. Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Sabuni ilikuwa imerudi madukani, mitumba ilikuwa imejaa sokoni, na redio ilisema karibu kila siku kwamba mashirika ya umma yatauzwa kwa wawekezaji. Kilosa nzima ilikuwa inamsubiri mtu huyo. Hakuna aliyemjua sura, lakini wote tulikubaliana kwamba atakuwa Mzungu, atakuja kwa gari refu, na atakagua.

Basi mwaka wa tano tangu kiwanda kisimame, mimi nilikuwa bado Mikumi, kwenye hoteli yenye vyumba vinane kando ya barabara ya Iringa. Bosi wangu alikuwa ofisa ushirika kabla ruksa haijamgeuza kuwa mfanyabiashara, na mambo mengi aliyafanya kama bado yuko ushirika, yaani aliyatangaza kwanza kisha akatafuta mtu wa kuyatekeleza. Wageni wetu wa kudumu walikuwa nyani, ambao waliingia jikoni kila asubuhi na kuchukua mkate. Watalii walipita moja kwa moja kwenda kwenye mahoteli makubwa ya mbugani. Bosi aliamua kwamba tunachokosa ni kipeperushi.

Kipeperushi alikitunga yeye mwenyewe, kwa njia ninayoijua kwa sababu ndimi niliyepiga chapa. Msafiri mmoja alisahau chumba namba tano kijitabu cha kutangaza utalii wa nchi nyingine kabisa, nchi ya huko mbele yenye visiwa. Bosi alinipa kijitabu hicho akaniambia nikinakili chote, nibadilishe jina la nchi na jina la hoteli. Mahali paliposemwa "mvinyo" niandike "vinywaji baridi". Nikaandika. Kipeperushi kikatoka Dar es Salaam kwenye kiwanda cha uchapaji kikiwa na picha ya twiga, na chini yake maneno kwamba Tanzania ni nchi mashuhuri kwa magofu yake ya kale na mandhari zake za kila namna, na kwamba yote hayo yako mwendo wa saa chache tu kutoka hotelini kwetu.

Sisemi kwamba nchi yetu haina magofu. Yapo Kilwa, yapo Bagamoyo, yapo kwingi. Kutoka Mikumi kwenda Kilwa kwa barabara za wakati ule ulitakiwa uage kwanza.

Wageni wa kwanza kukisoma kipeperushi mpaka mwisho walikuwa wazee wawili, mume na mke, kutoka nchi moja ya baridi ambayo sisi tuliijua kwa kutuchimbia visima. Walikuwa watu wapole. Bibi alikuwa na kamera, babu alikuwa na kofia na daftari. Walitazama wanyama siku mbili, wakafurahi kwa kiasi. Siku ya tatu bibi aliweka kipeperushi juu ya meza yangu, akaweka kidole kwenye neno magofu, akaniuliza yako wapi.

Nilimwita bosi. Bosi alikitazama kidole cha yule bibi, akasema kwa Kiingereza kwamba magofu yapo, yako Kilosa, na kwamba binti huyu ni mwenyeji wa huko na atawapeleka Jumamosi. Kisha akanivuta jikoni.

"Tafuta gofu," akasema.

"Gofu gani, bosi?"

"Wewe si wa Kilosa? Mimi wa Moshi nitajuaje magofu yenu?"

Usiku huo nilipita Kilosa nzima kichwani. Mamboya kulikuwa na misheni ya zamani sana, lakini barabara ilikuwa imekatika kwa mvua, na isitoshe Jumamosi kulikuwa na mazoezi ya kwaya, na gofu haliwi na kwaya. Boma la Mjerumani pale mjini lilikuwa na maofisa ndani wakipiga mihuri. Nilifikiria stesheni ya Munisagara, ambako mama alikuwa na shamba, lakini stesheni ile ilikuwa ndogo kiasi kwamba hata ingebomoka watu wasingejua. Ndipo nikakifikiria kiwanda cha baba. Nguzo nene za mawe, ukuta mrefu, paa limetoboka, bomba la moshi, na mkonge umeota hovyo pande zote na kurefusha milingoti yake ya maua. Tena kilijengwa na Mgiriki. Niliona aibu, halafu nikaona nafuu, na nafuu ikashinda.

Dereva wa hoteli alikuwa Mnyamwezi, na sisi Wasagara na Wanyamwezi ni watani tangu walipokuwa wakipita kwetu na mizigo kichwani kwenda pwani. Mtani anaruhusiwa kukutukana msibani, kukunyang'anya kofia, kukuambia umezeeka mpaka mbwa hawakubweki, nawe unatakiwa ujibu tusi kubwa zaidi. Kukasirika ni mwiko. Kuamini ni mwiko vilevile, ila hilo halisemwi kwa sababu hakuna anayedhani litahitajika. Alhamisi dereva alikuwa anakwenda Kilosa kununua mchele, nikampa sukari ya nyumbani na kumwambia amwarifu baba kwamba Jumamosi nitakuja kiwandani na wageni.

Jumamosi tukaondoka alfajiri. Mandhari za kila namna zilikuwepo, hapo kipeperushi hakikusema uongo. Tulipita miombo, tukapita mbuga, tukapita vilima vya bluu, tukapita mto ambao daraja lake lilikuwa upande mmoja tu. Ng'ombe wa wafugaji walifunga barabara robo saa nzima. Nilikuwa nimemfundisha yule babu kwamba kwa umri wake watu watamwamkia "shikamoo" na yeye ajibu "marahaba". Alilipenda neno hilo kupita kiasi. Aliteremsha kioo akawaambia wachungaji "marahaba" kabla hawajafungua midomo, akawaambia wanawake wenye ndoo, na nadhani aliwaambia na ng'ombe wawili watatu. Tukafika kwenye kijiji kinachoitwa Ulaya. Babu akauliza jina la mahali, nikamwambia, na maana yake pia. Akanitazama muda, akaandika kwenye daftari, hakuuliza tena jina la kijiji chochote.

Tulipokwisha kuipita Ulaya, dereva akaanza kukohoa.

"Mtani," akaniambia kwa Kiswahili, macho yakiwa barabarani, "kuna jambo dogo. Juzi nilimtania mzee."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia, 'Mzee, Jumamosi nakuletea Wazungu wa kununua kiwanda chako. Wakikuta chuma kimeoza watakununua wewe kwa kilo.' Utani wa kawaida tu."

"Akakutukana?"

"Ndilo jambo lenyewe. Hakunitukana." Akabadilisha gea. "Aliniuliza saa ngapi. Sasa mtani akikuuliza saa ngapi, hapo hamna utani tena."

Nilimwambia maneno ambayo hata kwa watani yalikuwa makali. Aliyapokea yote.

Baba alikuwa amesimama langoni. Alivaa ovaroli iliyopigwa pasi mpaka ikawa na mstari kwenye mikono, na nyuma yake walisimama wenzake wa zamani wapatao kumi, nao wamevaa nguo za kazi, kila mmoja mbele ya mahali alipokuwa akifanyia kazi. Walikuwa wamefyeka majani yote. Walikuwa wameng'oa mimea iliyotambaa ukutani, wamefukuza popo, wamefagia sakafu na kunyunyiza maji vumbi litulie. Sijui historia ya magofu, lakini sidhani kama kuna gofu jingine lililowahi kudekiwa kabla ya wageni kufika. Bibi aliutazama ule ukuta usio na mmea hata mmoja, akashusha kamera kidogo.

"Shikamoo, mzee," baba akamwambia babu.

"Marahaba!" babu akajibu kwa sauti.

Baba akanigeukia. "Huyu ana adabu," akasema. "Mtu mwenye adabu hivi hakosi mtaji."

Nilimvuta pembeni. Nataka ieleweke kwamba nilijaribu. Nilimwambia, "Baba, hawa ni watalii."

"Najua. Mgiriki naye alikuja kwanza kama mtalii, anatembeatembea na bunduki kutafuta tembo. Akaiona ardhi. Mtalii ni mnunuzi ambaye hajaonyeshwa kitu."

"Hapana, baba. Hawa wamekuja kutazama..." Na hapo nikakwama. Wale wazee kumi walikuwa wamesimama wima kwenye jua. Mmoja alikuwa ameshika ufagio kama bunduki. Neno gofu sikulisema.

"Kutazama ndiyo kukagua," baba akasema. "Kazi yako ni kutafsiri. Tafsiri."

Nikatafsiri. Nilitafsiri kwa saa mbili na nusu, na sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Baba alisema, "Mwambie ukuta huu ni wa mawe ya mto, hauna ufa." Nikawaambia ukuta ni wa kale sana. Babu akauliza nani alijenga. Hilo lilikuwa rahisi, nikamwambia Wagiriki. Akasimama. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwuliza baba kama ana uhakika. Baba akasema alimjua mwenyewe, alikuwa mfupi, mwenye hasira, alipenda vitunguu. Nikamwambia babu kwamba habari zao bado zinasimuliwa na wenyeji. Akaandika kurasa mbili.

Bibi akauliza watu hawa waliosimama ni akina nani. Nikasema ni wazee wa mahali hapa. Baba akauliza amesema nini, nikamwambia anauliza kama wafanyakazi wako tayari. Baba akasema, "Mwambie hata kesho." Nikamwambia bibi wanamkaribisha. Bibi akawapiga picha mmoja mmoja, nao wakatoa majina yao kamili na namba zao za ajira, nami nikasema wanashukuru.

Kisha baba akafungua banda la korona.

Kulikuwa na giza na harufu ya mafuta. Korona ilikuwa kubwa kuliko nilivyoikumbuka, nyeusi, inang'aa, na kadi imening'inia ubavuni. Yule babu akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu aliye msikitini, imetelekezwa tangu lini. Nikamwambia baba anauliza imesimama muda gani.

"Mwambie haijasimama," baba akasema. "Imepumzika. Mwambie aje aguse."

Babu akagusa, akakitazama kidole chake chenye grisi. Baba akalishika gurudumu kubwa kwa mikono miwili, akaweka mguu ukutani, akasukuma. Gurudumu likaenda. Ngoma nzima ikazunguka, taratibu, mzunguko mmoja, miwili, bila sauti hata ya panya. Umeme ulikwisha kukatwa miaka mitano nyuma, na lile dude la tani kadhaa lilikuwa likizunguka kwa mikono ya mtu mmoja wa makamo kwa sababu hakulikosesha grisi hata wiki moja. Wale wageni wakarudi nyuma hatua moja. Magofu hayazunguki.

Bibi akasema, "Lakini hii ni nzima."

Hilo nililitafsiri neno kwa neno. Ndiyo sentensi pekee niliyoitafsiri kwa haki siku ile. Baba alisikia, akaacha gurudumu, akatafuta kitambaa mfukoni akaanza kufuta mikono, akaifuta muda mrefu sana huku anatazama chini. Nilimpenda sana saa ile, na nilitamani ardhi inimeze.

"Mwambie ahsante," akasema.

Nyumbani Magomeni mama alikuwa amepika wali na kuku. Kwetu firigisi ni ya baba mwenye nyumba, hata mtoto mdogo anajua hilo, na baba aliichukua kwenye bakuli akaiweka kwenye sahani ya yule babu. Mama aliniangalia. Katika miaka yote ya ndoa yao baba aliwahi kuitoa firigisi yake mara moja tu, siku ile mjomba alipokuja kusuluhisha ugomvi. Babu aliitafuna kwa uvumilivu mkubwa. Alipoimeza baba akapumua, kama mtu aliyeona mkataba umesainiwa.

Walipoingia garini baba akaniuliza, "Wamesemaje?"

"Wanarudi kwao kwanza, baba. Watafikiri."

"Ndivyo inavyotakiwa," akasema. "Mtu mwenye akili hanunui kiwanda kama anayenunua nyanya."

Tukarudi Mikumi. Bosi aliwauliza wageni magofu yalikuwaje, wakasema hawajaona magofu yaliyotunzwa namna ile mahali popote duniani. Bosi akaniongezea siku ya mapumziko.

Baada ya miezi kadhaa ikaja bahasha kwa anuani ya hoteli. Ndani kulikuwa na picha moja ya rangi: baba amesimama kando ya korona, ovaroli na mistari yake ya pasi, mkono mmoja juu ya gurudumu. Nyuma ya picha, kwa Kiingereza cha mwandiko mzuri, bibi alikuwa ameandika: Magofu karibu na Kilosa, pamoja na mtunzaji wake.

Nikaipeleka nyumbani mwisho wa mwezi. Baba aliitazama upande wa mbele, akaigeuza, akanipa. Kiingereza hakukijua.

"Soma."

Nikasoma: "Kiwanda cha Kilosa, pamoja na fundi wake."

Akaitikia kwa kichwa polepole. "Wamenikumbuka," akasema. Akatoboa tundu kwenye pembe ya picha kwa msumari, akapitisha kamba ya katani, akaitundika ukutani sebuleni. Kila aliyekuja alionyeshwa. Mama aliniambia baadaye kwamba kuna majirani walioonyeshwa mara nne.

Niliendelea na kazi. Nikaolewa Iringa, nikapata watoto, nikawa narudi Kilosa mara mbili kwa mwaka. Kila nilipofika nilikuwa naogopa kwamba baba ataniuliza kama Wazungu wale wamekwisha kufikiri. Hakuuliza. Aliniuliza habari za njiani, habari za mume, habari za kadi za kliniki za watoto, ambazo alizikagua. Jumamosi alipanda baiskeli. Baiskeli ikamshinda, akawa anakwenda kwa miguu. Nami kila nikiingia sebuleni picha ile ilikuwa inaniangalia, nikawa nakaa kwenye kiti cha upande wa pili.

Mnunuzi wa kweli alipokuja hakukagua kitu. Alikuja na mitungi ya gesi. Alikuwa ameshinda zabuni ya chuma chakavu, na vijana wake waliikata korona kwa siku tatu, wakapakia vipande kwenye malori. Sikuwepo. Mama ndiye aliyenisimulia. Siku walipoanza kukata ilikuwa Jumamosi, na baba alikwenda kama kawaida na bomba lake la grisi. Alirudi mchana, akanawa mikono kwa sabuni mara mbili, akaomba chai. Mama akamwuliza kiwandani kukoje. Akasema, "Kumekuwa peupe."

Nilikwenda kwa sikukuu ya Idd iliyofuata. Asubuhi nilikuwa nafuta vumbi sebuleni, na kwa mara ya kwanza tangu nilipoisoma niliishusha ile picha kwenye msumari. Ilikuwa nzito kuliko picha. Nikaigeuza.

Maneno ya yule bibi yalikuwa palepale. Pembeni yake, kwa penseli nene ya karakana, baba alikuwa ameandika "Magofu", kisha "Imeonwa", tarehe na sahihi. Tarehe ilikuwa ya wiki ileile niliyoileta. Chini yake alikuwa amepiga mistari kwa rula: tarehe, kazi iliyofanyika, sahihi. Nafasi ilipokwisha alikuwa amebandika karatasi ya daftari, ikaisha, akabandika nyingine, zote zimekunjwa nyuma ya picha kama kitabu. Jumamosi baada ya Jumamosi. Grisi. Grisi. Grisi. Beringi namba tatu inalia, grisi. Mvua, nimechelewa, grisi. Mjukuu amezaliwa Iringa, grisi. Grisi.

Nilitoka nayo uani. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda, ameigeuza baiskeli juu chini, anasafisha mnyororo wa baiskeli asiyoipanda tena.

"Baba, nani alikusomea?"

Hakuangalia nilichoshika. "Mwalimu wa sekondari. Nilikutana naye sokoni."

"Na hukuniambia."

"Siku ile ulitafsiri kutwa nzima, mwanangu, peke yako. Niliona umechoka."

Nililia. Sikuwa nimelia nilipoisikia habari ya malori, lakini hapo nililia kwa sauti, mpaka mama akachungulia kutoka jikoni. Baba aliendelea na mnyororo, akinipa muda, kama unavyomwacha mtu afunge mkanda wake.

"Sasa kama ulijua walisema gofu," nikamwuliza nilipoweza, "ulikuwa unapaka grisi ya nini miaka yote hii?"

Akazungusha pedali. "Walisema ni gofu," akasema. "Hawakusema lisipakwe grisi."

Akafuta vidole, akachomoa penseli nyuma ya sikio, akaninyooshea.

"Kadi nzima bado haijatiwa sahihi ya msimamizi. Maneno ya bibi niliyaona mimi, lakini kazi yangu siwezi kujionea mwenyewe. Kadi haikubali."

Nikaikunjua karatasi ya mwisho. Mstari wa chini ulikuwa na tarehe ya Jumamosi ile ya mitungi ya gesi, kwa mwandiko wake uleule: Imekatwa. Grisi ilikuwepo.

Nikaandika "Imeonwa", nikatia sahihi.